Ufalme wa Sisilia kwa Jioni Sita: Tathmini ya Masomo ya Historia ya Kamalondo

Masomo ya jioni kuhusu ufalme wa Wanormani katika kisiwa cha Sisilia, yanayotolewa katika ukumbi mdogo wa kusomea huko Kamalondo, yana thamani kubwa kuliko ada ya dola 15 inayotozwa, ingawa jioni ya mwisho imeharakishwa kiasi cha kumfanya msikilizaji arudi nyumbani na nusu ya habari. Nayasema yote mawili tangu mwanzo kwa sababu nimewasikia watu hapa Lubumbashi wakiyasifu masomo haya kana kwamba ni mahubiri ya upatanisho, ya kutufundisha jinsi makabila na dini mbalimbali zinavyoweza kukaa pamoja. Anayekwenda kwa nia hiyo atakuta kitu kingine, na kwa maoni yangu atakuta kilicho bora zaidi: maelezo ya namna ofisi, hazina na karakana za mfalme wa karne ya 12 zilivyowaweka pamoja Waislamu, Wagiriki, Walatini (Wakristo wa Kanisa la Roma) na Wayahudi, kila mmoja kwa kazi yake, na yaliyowapata baadhi yao pale mkono wa mfalme ulipolegea.

Utaratibu ni huu. Vipindi ni sita, kila Jumamosi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja na nusu usiku, na katikati kuna mapumziko mafupi ya chai. Mwalimu amefundisha historia katika shule za sekondari kwa muda mrefu, na Kiswahili chake ni sanifu na kimenyooka. Wasikilizaji huuliza kwa Kiswahili cha hapa mjini, wengine wakichanganya na Kifaransa, naye humjibu kila mtu bila kumsahihisha lugha, uungwana ambao walimu wetu wengi hawanao. Kila anayejiandikisha hupewa kijitabu cha fotokopi chenye ramani, picha na vipande vya hati za kale vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili. Vipande hivyo peke yake vinahalalisha nusu ya ada, kwa kuwa kazi ya kuvitafsiri haikuwa ndogo, na sijaona mahali pengine mjini ambapo msomaji anaweza kuzisoma hati za ikulu ya Palermo kwa lugha anayoitumia sokoni.

Jioni ya kwanza ni ya kupita tu, na ni vizuri iwe hivyo. Tulipewa mfululizo wa mambo ya lazima: Waarabu na Waberberi waliotoka pwani ya Tunisia ya leo, wakatua Sisilia mwaka 827 na kuiteka Palermo mwaka 831, Wanormani, wapiganaji wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, waliovuka mlangobahari na kuichukua Messina mwaka 1061, kisha Palermo mwaka 1072, na hatimaye Noto mwaka 1091, na Roger wa Pili, aliyetawazwa kuwa mfalme mjini Palermo siku ya Krismasi ya mwaka 1130. Mwalimu hakupoteza muda kwenye mapanga. Alichosisitiza ni kwamba washindi walikuwa wachache sana, na nchi waliyoiteka ilikuwa na mashamba ya miwa na ndimu, mifereji ya maji, masoko, na watoza kodi walioandika Kiarabu, huku upande wa mashariki wa kisiwa ukiwa bado na Wagiriki wengi Wakristo. Kumfukuza anayejua mfereji upi unanywesha shamba lipi kungekuwa kujinyima mapato. Waislamu wakaachiwa misikiti na makadhi wao, na kwa upande wao wakalipa kodi ya kichwa, sawa na Wayahudi, kama wao wenyewe walivyokuwa wakiwatoza Wakristo kabla ya hapo.

Jioni ya pili, inayohusu ofisi za mfalme, ndiyo iliyo bora kuliko zote, na kama ningelazimika kumshauri mtu ahudhurie moja tu, ningemtuma huko. Mwalimu alionyesha ukutani picha ya barua ya mwaka 1109 iliyotolewa na Adelaide, mama yake Roger, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mwanawe mdogo. Barua hiyo imeandikwa kwa Kigiriki na Kiarabu juu ya karatasi, wakati ofisi nyingi za Ulaya zilikuwa bado zikiandika juu ya ngozi, na ni miongoni mwa hati za karatasi kongwe kuliko zote zilizobaki barani humo. Ndani yake Adelaide anawaagiza maofisa wa eneo la Castrogiovanni, mji unaoitwa Enna leo, wawalinde watawa wa San Filippo. Mwanamke wa kaskazini mwa Italia, mjane wa Mnormani, anawalinda watawa wa Kigiriki kwa amri inayosomeka kwa Kiarabu. Mwalimu aliiacha picha hiyo ukutani kwa muda bila kuongeza neno, na alifanya vyema.

Kisha zikaja orodha za wakulima. Mfalme alipolipatia kanisa au bwana fulani ardhi, pamoja na ardhi hiyo alimpa orodha ya wakuu wa familia walioishi juu yake, majina yakiwa yameandikwa kwa Kiarabu, na katika nyingi kati ya orodha hizo kila jina likiwa limerudiwa kwa Kigiriki. Wengi wao walikuwa Waislamu, na waliofungwa katika orodha hizo hawakuwa huru kuondoka walipotaka. Mzee mmoja, karani mstaafu wa ofisi ya mishahara ya mgodi, alisimama akasema kwamba karatasi ya namna hiyo anaijua: jina la mtu, jina la baba, mahali alipotoka, na bwana wake. "Mwalimu," akasema, "hapa sioni kupendana, naona kuhesabiana." Ukumbi ulicheka, lakini mwalimu alilichukua neno hilo kwa uzito na kulijenga juu yake somo zima lililobaki. Alieleza kwamba kwa muda wa miaka ishirini hivi kabla ya kutawazwa kwa Roger, Kiarabu kilikuwa karibu kutoweka katika hati zinazotoka ofisi ya mtawala; kisha, baada ya mwaka 1130, kikarudi kwa nguvu, kwa mtindo wa kiofisi unaofanana sana na ule wa makhalifa Wafatimiya wa Misri. Maana yake ni kwamba mfalme hakuurithi tu mchanganyiko huo na kuuvumilia. Aliuagiza kutoka nje, kwa sababu alitaka ofisi na fahari kama za watawala wa Cairo. Sheria alizozitoa huko Ariano mwaka 1140 zinakwenda njia hiyo hiyo: kila taifa lililo chini ya mfalme liendelee na desturi zake, isipokuwa pale zinapopingana waziwazi na amri zake. Uhuru huo una mpaka, na mpaka unachorwa na mfalme.

Kuna jiwe moja ambalo mwalimu alilitumia kwa ustadi mkubwa, nalo linastahili kuelezwa kwa kirefu. Mwaka 1149 kasisi aliyeitwa Grisandus, mtumishi wa Roger, alimhamisha marehemu mama yake, Anna, kutoka kaburi lake katika kanisa kuu la Palermo hadi katika kikanisa alichomjengea, akaweka jiwe la marumaru lenye maandishi ya namna nne. Katikati kuna msalaba ndani ya duara. Juu yake kuna Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, kushoto Kilatini, kulia Kigiriki, na chini Kiarabu kwa herufi zake. Tarehe zimetolewa kwa kalenda tofauti, kila maandishi yakifuata hesabu ya watu wake: miaka tangu kuzaliwa Kristo, miaka tangu kuumbwa ulimwengu kwa hesabu ya Wagiriki na kwa hesabu ya Wayahudi, na miaka ya Hijra. Maandishi ya Kiarabu yanampa mfalme Mkristo sifa nzito kama za mtawala wa Kiislamu, na Papa wa Roma anaitwa humo imamu. Kijitabu kimetoa tafsiri ya pande zote nne, na ukizilinganisha unaona kwamba hazisemi jambo moja kwa maneno yaleyale. Kila upande umetungwa kwa adabu ya wasomaji wake. Baadhi ya wasikilizaji waliliona jiwe hilo kuwa ushahidi wa usawa. Mwalimu aliwapinga kwa upole: familia ya Anna ilikuwa ya Kilatini, na mwana aliyeagiza jiwe alikula mkate wa ikulu, kwa hiyo tunachokisoma ni tangazo la mtumishi anayesema kwa sauti kubwa kwamba bwana wake anawamiliki wote wasomao namna hizo nne za maandishi. Mimi nakubaliana naye, ila naongeza kwamba hata tangazo linahitaji wachongaji wanaoweza kuliandika na wapita njia wanaoweza kulisoma, na Palermo ilikuwa nao. Jiwe hilo leo limehifadhiwa katika jumba la Zisa mjini humo.

Jioni ya tatu ni ya majengo na sanaa, na hapa ndipo kijitabu kinapomwangusha mwalimu. Kanisa dogo la ikulu, ambalo Roger alianza kulijenga karibu na mwaka 1132, lina kuta na kuba za mozaiki za dhahabu zilizotengenezwa kwa ufundi wa Kibizanti, yaani wa dola ya Wagiriki ya Konstantinopoli, ukumbi mrefu wa mtindo wa Kilatini, na juu yake dari ya mbao yenye vijumba vilivyoning'inia kama masega ya nyuki, iliyochorwa na mafundi wa ulimwengu wa Kiislamu: wapiga vinanda, wanywaji, wachezaji wa sataranji, na dua za Kiarabu za kumwombea mfalme afya na ushindi. Katika fotokopi vitu hivyo vyote vimetoka vyeusi tii. Projekta ilituokoa kwa sehemu tu, kwani taa ya barabarani ilikuwa ikiingia moja kwa moja dirishani na hakuna pazia. Nilifurahi hata hivyo kwamba mwalimu alisahihisha kosa linalorudiwa sana kuhusu joho jekundu la hariri la Roger, lenye simba wawili wanaowakandamiza ngamia wawili na mtende katikati: watu huliita joho la kutawazwa kwake, ilhali maandishi ya Kiarabu kwenye pindo lake yanasema lilitengenezwa katika karakana ya kifalme mwaka 528 wa Hijra, yaani 1133 au 1134, miaka kadhaa baada ya sherehe yenyewe. Lilikuja kuvaliwa na wafalme wa Ujerumani walipotawazwa, na sasa limo katika hazina ya Vienna. Habari ya George wa Antiokia, Mkristo wa Kigiriki aliyewahi kuwatumikia watawala Waislamu wa Mahdia, katika Tunisia ya leo, kabla ya kuwa mkuu wa majeshi ya majini wa Roger, ilipita haraka mno kwa ladha yangu. Kanisa lake bado lipo Palermo, na ndani yake kuna mozaiki inayomwonyesha Roger akivikwa taji na Kristo mwenyewe, bila Papa wala askofu, jina la mfalme likiwa limeandikwa kwa herufi za Kigiriki. Mtu wa namna hiyo, mtaalamu anayehama na ujuzi wake kutoka mwajiri mmoja hadi mwingine, mji wa migodi kama wetu ungemwelewa bila tafsiri.

Jioni ya nne ilimilikiwa na al-Idrisi, msomi Mwislamu aliyemfanyia kazi Roger na kumaliza mwaka 1154 kitabu kikubwa cha jiografia chenye ramani 70, pamoja na ramani ya dunia iliyochorwa kwenye bamba la fedha. Ramani zake huweka kusini juu, jambo lililowachangamsha sana vijana ukumbini. Lililowanyamazisha ni pale mwalimu aliposoma sehemu inayohusu pwani ya Afrika Mashariki: Malindi na chuma chake, Mombasa, Sofala na dhahabu yake. Mfalme wa Kikristo aliyeketi Palermo alikuwa amewekewa mezani, kwa Kiarabu, habari za miji kama Malindi na Mombasa, ambako Kiswahili kinasemwa hadi leo, wakati ambapo wengi wa watawala wenzake wa kaskazini hawakujua kama miji hiyo ipo. Waliofanya kazi ya kutafsiri walipewa nafasi ndogo, nao wanastahili zaidi: Henricus Aristippus, aliyefasiri kwa Kilatini maandishi mawili ya Plato, na Eugenius wa Palermo, ofisa wa serikali aliyekifasiri kutoka Kiarabu kitabu cha Ptolemy, msomi wa kale, kuhusu mwanga na kuona.

Katika jioni ya tano tulisoma kwa pamoja safari ya Ibn Jubayr, hujaji kutoka Andalusia ambaye meli yake ilivunjika karibu na Messina mwishoni mwa mwaka 1184, wakati wa Mfalme William wa Pili. Uchaguzi huu ni mzuri kwa sababu shahidi mwenyewe anajipinga, na mwalimu hakumzuia. Ukurasa mmoja anastaajabu: mfalme anasoma na kuandika Kiarabu, mpishi mkuu wake ni Mwislamu, na siku ya Krismasi wanawake Wakristo wa Palermo wanatoka wamejitanda na kufunika nyuso, wamevaa hariri, wamepaka hina na manukato kama wanawake Waislamu. Anasimulia pia alichosikia juu ya tetemeko la ardhi: mfalme aliwakuta watu wa nyumba yake wakimwita Mwenyezi Mungu na Mtume wake, wakaogopa, naye akawatuliza kwa kuwaambia kila mtu amwombe anayemwabudu. Kurasa chache baadaye sauti inabadilika. Watumishi hao hao wa ikulu wanaificha dini yao. Msomi wa sheria ameshinikizwa hadi akaiacha. Baba anaogopa kumgombeza mwanawe, kwa kuwa mtoto akikasirika atakimbilia kanisani na hatarudi. Na Mwislamu mwenye heshima anamtoa binti yake aolewe na mmoja wa mahujaji, ilimradi atoke kisiwani. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu alisema kwamba habari ya huyo binti imemwingia kuliko mozaiki zote. Mjadala ulikuwa mkali na wa heshima, na mwalimu alijua lini anyamaze.

Kwa hiyo jioni ya sita ilitarajiwa kwa hamu, na ndiyo iliyotuvunja moyo. Umeme ulikatika, jenereta ikachelewa kuwashwa, na mambo ya karne moja na nusu yakabanwa katika muda usiozidi saa moja. Tulitajiwa Filipo wa Mahdia, mtumishi wa Roger aliyechomwa moto mwaka 1153 kwa tuhuma ya kuwa Mwislamu kwa siri. Tukatajiwa mwaka 1161, ambapo waasi waliivamia ikulu ya William wa Kwanza, Waislamu wakauawa mjini Palermo, na katika miji ya ndani walowezi wa kaskazini mwa Italia wakawashambulia Waislamu mashambani. Daftari za ardhi zilipotea katika ghasia hizo, hata ikabidi karani Matthew atolewe gerezani ili aziandike upya kwa sababu ni yeye aliyezijua. Nilimwona mzee wetu wa mishahara akitikisa kichwa. Tukio hilo lilihitaji nusu saa, likapewa dakika. Kifo cha William wa Pili mwaka 1189, mauaji mapya, kukimbilia kwa Waislamu milimani magharibi mwa kisiwa, vita vya Mfalme Frederick wa Pili dhidi yao, na kuhamishwa kwa maelfu yao kuanzia miaka ya 1220 hadi Lucera, kusini mwa Italia bara, vyote vilisomwa kama orodha ya vituo vya treni. Lucera yenyewe ni mkasa kamili: mji wa Waislamu ndani ya nchi ya Kikristo, wenye misikiti yake, ukimpa Frederick askari waaminifu kwa kuwa hawakuwa na mlinzi mwingine, hadi mwaka 1300 Mfalme Charles wa Pili wa Anjou alipouvunja na kuwauza watu wake utumwani.

Yule mama wa mbele aliuliza nyumba na mashamba ya waliohamishwa yalichukuliwa na nani. Hilo lilikuwa swali la mtu anayejua anachouliza, katika mji ambao mwaka 1992 na 1993 uliwaona Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, wakifukuzwa Katanga, mkoa wetu, familia zikilala kwa miezi kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi zikisubiri treni, na milango ya nyumba zao ikifunguliwa na wengine. Mwalimu alijibu kwa ufupi kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya magharibi ilikuwa imekwisha kutolewa na William wa Pili kwa abasia (nyumba ya watawa) ya Monreale, pamoja na Waislamu walioilima, na kwamba wahamiaji kutoka bara walikuwa wakiingia nyuma yao. Kisha muda ukaisha. Simlaumu kwa kutotaka kufananisha Palermo na Katanga. Kazi hiyo wasikilizaji waliifanya wenyewe kimyakimya. Namlaumu kwa kupanga vipindi vitano vya kupanda na kimoja cha kushuka, kwa sababu anayeondoka baada ya jioni ya tano anaweza kudhani kwamba watu wa Sisilia waliachana kwa kuchukiana tu, ilhali kipindi cha pili kilikwisha kutuonyesha jambo gumu zaidi: walikuwa wamewekwa pamoja na ofisi, na ofisi ilipoacha kuwahitaji, hawakuwa na karatasi nyingine ya kuwatetea.

Kuhusu huduma kwa jumla, ukumbi ni safi, chai ni ya tangawizi na haina mzaha, viti ni vya mbao visivyo na mto, na watu wa mapokezi wanaandika jina lako bila kukuuliza kabila wala parokia. Wanafunzi wa chuo hulipa nusu ya ada. Sipendekezi kuleta watoto walio chini ya miaka kumi na miwili, kwa kuwa hati zinasomwa polepole na hakuna kitu cha kuwashughulisha. Sinagogi ya mjini kwetu, iliyojengwa na jamii ya Wayahudi waliotoka kwa wingi kisiwa cha Rhodes, ingefaa kutembelewa baada ya kipindi cha jiwe la Anna, na niliwapendekezea waandalizi hivyo, walisema watafikiria.

Awamu ijayo itakuwa na vipindi saba, Lucera ikipewa jioni yake, na ada haitapanda. Picha za rangi zitatumwa kwa simu kwa kila aliyejiandikisha. Viti havizidi arobaini, na vya mstari wa nyuma, karibu na dirisha lenye taa ya barabarani, visichukuliwe na anayetaka kuona mozaiki.